Ramani Kwanza, Mafaili Baadaye

Mfumo wa mafaili unapogoma kufunguka kwenye seva yenye diski kadhaa zilizounganishwa kuwa volumu moja, ujumbe unaotokea kwenye skrini karibu kila mara huulaumu mfumo wa mafaili wenyewe: superbloku ni mbovu, jarida halisomeki, saraka ina hitilafu. Chini ya ujumbe huo mara nyingi kuna pendekezo la kuendesha e2fsck. Pendekezo si la uongo, ila limetoka tabaka la juu kabisa, tabaka ambalo halina habari yoyote ya yanayoendelea chini yake. Hoja ya sura hii ni kwamba katika ajali za namna hii data ambayo bado ingeokoka huangamizwa na matengenezo, wala si na hitilafu iliyotangulia, na hilo hutokea fundi anapoanza kutengeneza mafaili kabla hajahakikisha kwamba ramani ya diski ni sahihi.

Tuchukue seva ya ofisi ndogo yenye diski tatu za terabaiti 2, pengine zilizonunuliwa miaka tofauti kadiri fedha ilivyopatikana, zikaunganishwa kwa LVM kuwa volumu moja ya terabaiti 6, kisha ikawekwa ext4 juu yake. LVM haijui faili ni nini. Kazi yake ni kukata kila diski vipande vya megabaiti 4, kwa diski hizi karibu vipande 477,000 kila moja, na kukumbuka kipande kipi kinafuata kipi. Kumbukumbu hiyo ndiyo ramani. Ni maandishi ya kawaida yanayosomeka na binadamu, yamewekwa ndani ya megabaiti ya kwanza ya kila diski, na nakala zake zimo kwenye saraka ya /etc/lvm/backup na, kwa matoleo ya zamani, /etc/lvm/archive. Ext4 nayo haijui kama kuna diski tatu. Inaona mstari mmoja mrefu wa bloku za kilobaiti 4, uliogawanywa katika makundi ya bloku 32,768, yaani megabaiti 128 kwa kundi. Kila kundi lina jedwali lake la inodi, na inodi ni rekodi yenye kila habari ya faili isipokuwa jina: ukubwa, mmiliki, na bloku data ilipo. Jina linakaa kwenye saraka. Kwa hiyo faili moja laweza kuwa na jina lake kwenye diski ya kwanza, inodi yake kwenye ya pili, na data kwenye ya tatu, bila mtumiaji wala mfumo wenyewe kulifahamu hilo.

Sasa tuiangalie e2fsck. Wengi huichukulia kuwa daktari wa mafaili, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Hiyo ni zana ya ulinganifu. Inafanana na karani wa ghala aliyepewa amri moja tu, kwamba daftari lisipingane na lenyewe: akikuta mstari unaotaja gunia asiloliona, anaufuta, na hesabu inakuwa safi. Swali la kwamba huenda gunia lipo chumba cha pili ambacho leo mlango wake umefungwa halimhusu. E2fsck ikikuta jina linaloelekeza kwenye inodi isiyotumika, hupendekeza kulifuta jina. Ikikuta inodi inayodai bloku zisizowezekana, hupendekeza kuzifuta bloku hizo au inodi yenyewe. Mapendekezo yote haya ni sahihi pale inapokuwa kweli kwamba kinachoonekana ndicho kilichopo. Kwenye volumu ya diski nyingi sharti hilo ndilo linalovunjika kwanza.

Tuseme diski ya pili imepotea kwa sababu ya waya uliolegea. LVM inaruhusu volumu kuwashwa nusunusu, na sehemu iliyokosekana hujazwa kifaa bandia kinachorudisha hitilafu kila kinapoguswa. Superbloku iko baiti 1,024 tu tangu mwanzo wa volumu, kwenye diski ya kwanza, kwa hiyo e2fsck inaianza kazi bila wasiwasi. Fundi amechoka kujibu maswali, ameongeza -y. Inodi zote zilizokuwa diski ya pili hazisomeki. Majina yake, yaliyo salama kabisa kwenye diski ya kwanza, yanafutwa kwa kuwa hayaelekezi popote. Mafaili makubwa yaliyohifadhi sehemu ya orodha ya bloku zake kwenye diski ya pili yanakatwa. Ramani za nafasi huru zinaandikwa upya. Siku inayofuata waya unakazwa, diski inarudi ikiwa nzima, na inodi zake zote zipo. Majina ndiyo hayapo tena. Na kama diski haikupotea bali ina sekta chache zisizosomeka, jibu la ndiyo kwa kila swali lina madhara mengine: e2fsck huuliza kama iandike upya bloku iliyoshindwa kusoma. Ikikubaliwa, diski hubadilisha sekta ile kwa ya akiba, na kile ambacho kingeweza kusomeka kwa jaribio la kumi na mbili hakipo tena.

Hali ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haitoi hitilafu yoyote ya kusoma. Kichwa cha diski moja kimefutwa, pengine na mtu aliyeanza kusakinisha mfumo kwenye diski isiyo yake, na fundi anarudisha ramani kwa vgcfgrestore akitumia faili la kumbukumbu. Amri yenyewe ni salama kiasi: inaandika ramani tu, haigusi data. Lakini akichagua toleo la zamani, la kabla volumu haijapanuliwa au vipande havijahamishwa, diski zote zitasomeka vizuri huku vipande vikiwa vimepangwa mahali pasipo pake. Mwanzo wa volumu unaonekana safi. Makumi ya maelfu ya makundi yanayofuata ni takataka machoni pa ext4, na e2fsck itayasafisha kwa kuandika juu ya data halisi ya sehemu nyingine. Baada ya hapo hata ramani sahihi haisaidii.

Inawezekana kujua ramani kama ni sahihi kabla ya kuandika hata baiti moja, kwa sababu ext4 imejiwekea alama njiani. Nakala za superbloku huwekwa kwenye kundi la 0 na la 1, kisha kwenye makundi ambayo namba zake ni vipeo vya 3, 5 na 7: yaani 3, 5, 7, 9, 25, 27, 49, na kuendelea. Kila nakala ina utambulisho wa mfumo mzima pamoja na namba ya kundi lake yenyewe. Ukienda bloku ya 32,768 ukakuta nakala inayosema mimi ni wa kundi la 1, ramani ni sahihi hadi hapo. Kwenye mfano wetu kila diski inabeba karibu makundi 14,900, hivyo diski ya pili inapaswa kuwa na nakala kwenye makundi ya 15,625, 16,807 na 19,683. Zikipatikana mahali pake, diski ya pili imekaa sawa. Ajabu ni diski ya tatu: kipeo kinachofuata ni 59,049, nje kabisa ya volumu, kwa hiyo diski hiyo haina hata nakala moja. Huko inabidi kutumia ushahidi mwingine. Kila saraka ina ingizo la nukta linalotaja namba ya inodi yake yenyewe, na mifumo iliyoundwa miaka ya karibuni huweka kwenye kila inodi hesabu ya uthibitisho inayotokana na utambulisho wa mfumo na namba ya inodi. Inodi iliyohamishwa mahali pengine inajisaliti yenyewe. Kazi hii yote inafanyika kwa kusoma tu, kwa dumpe2fs, debugfs, na e2fsck yenye -n.

Matengenezo yenyewe, hata hivyo, ni lazima yaandike, na hapo ndipo kunakili diski kunapopata maana yake. GNU ddrescue hunakili diski sekta kwa sekta, ikianza na sehemu zinazosomeka kirahisi na kuziacha zile ngumu za mwisho, huku ikiandika kwenye faili la kumbukumbu ni wapi imefika ili kazi iliyokatizwa iendelee. Nakala zikikamilika, diski asili zichomolewe kabla ya LVM kuwashwa, kwa kuwa nakala na asili zina utambulisho uleule na LVM itakuwa na diski mbili zinazodai kuwa moja. Juu ya nakala, kifaa cha snapshot kinachotengenezwa kwa dmsetup hupeleka maandishi yote mapya kwenye faili la pembeni. Jaribu ramani hii, endesha e2fsck, tazama matokeo. Yakiwa mabaya, futa faili la pembeni na uanze upya.

Pingamizi la kwanza ni la gharama, na si la kupuuza. Diski tatu zaidi ni fedha, na kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde diski ya terabaiti 2 inachukua karibu saa nne. Ofisi imesimama, bosi yuko mlangoni. Jibu langu ni kwamba kama nakala rudufu ya jana ipo na imejaribiwa, basi hakuna haja ya uokoaji wowote: futa, rudisha, endelea. Gharama ya kunakili inawahusu wasio na nakala hiyo, na hao ndio hasa wasioweza kubahatisha. Hata pale fedha haipo, diski zikiwa nzima kiafya, snapshot juu ya diski asili zilizofungwa zisiandikwe inatoa sehemu kubwa ya kinga bila kununua kitu.

Pingamizi la pili: tangu ext3 ilipoleta jarida kwenye kerneli rasmi mwaka 2001, e2fsck huendeshwa seva inapowaka baada ya umeme kukatika, na hakuna anayepoteza kitu. Kweli kabisa. Lakini jarida linatibu maandishi yaliyokatizwa katikati, kwenye diski ambazo zote zipo na zote zinasema kweli. Ushahidi wa umeme kukatika hauwezi kubebeshwa mzigo wa diski iliyotoweka. Na jarida lenyewe lina mtego: wengi hufungua mfumo kwa kusoma tu wakidhani hawagusi chochote, ilhali ext4 huchezesha jarida na kuandika hata katika hali hiyo, isipokuwa ukiongeza noload. Kwa XFS chaguo linalolingana ni norecovery, na xfs_repair -L, inayofuta jarida lote, iwe hatua ya mwisho.

Wengine watasema snapshot za LVM zinatosha. Januari 2017 GitLab ilipofuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya, ilirejea kwa snapshot ya LVM iliyopigwa kwa mkono saa 6 kabla. Lakini pale diski zilikuwa nzima na kosa lilikuwa la mkono wa mtu. Snapshot inayokaa kwenye diski zilezile inakufa pamoja nazo.

Ramani ikishathibitishwa na e2fsck kumaliza juu ya nakala, kilichobaki huwa kwenye lost+found, mafaili yenye namba ya inodi badala ya jina. Amri ya file huyatambua kwa baiti zake za mwanzo, na picha au PDF hujieleza upesi. Hifadhidata ndizo za kushuku. Faili la PostgreSQL au MySQL laweza kuwa na ukubwa sahihi na kufunguka vizuri, huku kurasa zake za katikati zikiwa sifuri tupu kutoka kwenye sekta ambazo ddrescue haikuzipata. Faili la kumbukumbu la ddrescue litakuonyesha sekta hizo ni zipi, na debugfs itakuambia ni za faili lipi.