Kuku Wanaobaki Nyumbani Desemba

Ikifika katikati ya Desemba, stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis hufurika. Wenye asili ya Kilimanjaro wanapanda kwenda Rombo, Marangu na Machame. Wengine wanaelekea Tanga, Iringa, Singida au Bukoba. Nyuma yao, kwenye nyua za Kimara, Goba, Chanika na Kibaha, yanabaki mabanda ya kuku. Kumi, ishirini, pengine hamsini, na beseni moja la maji katikati. Nao ndio msimu wa kaskazi, ambapo joto la mchana Dar es Salaam hupita nyuzi 30 siku baada ya siku.

Januari husimuliwa hasara za namna mbili. Kuna aliyekuta manyoya matupu, na kuna aliyekuta kuku wamelala kando ya beseni lililopinduka, hawana hata jeraha. Zote mbili zinazuilika. Tatizo ni kwamba mabanda mengi hujengwa kwa kumtegemea mwenyewe: yeye ndiye anayefukuza mwewe, anayesikia kelele usiku, anayejaza maji yakiisha. Akiondoka, ulinzi wote unaondoka naye.

Adui husomwa kwa alama zake

Vijijini na mjini, mwewe ndiye hulaumiwa kwanza. Hata hadithi ya mwewe aliyemwazima kuku sindano, kuku akaipoteza na kuwa na deni la vifaranga, inamweka yeye mbele. Ni kweli anakamata vifaranga, lakini huwinda mchana na kwenye uwazi. Kuku mkubwa akitoweka usiku ndani ya banda lililofungwa, mwewe hahusiki.

Mwenzake wa mchana ni kunguru mwenye shingo ya kijivu. Ndege huyu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka, kisha akaenea mwambao wote hadi Mombasa na Malindi. Hudokoa mayai, hunyakua vifaranga, na hufika kwa makundi. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Nguchiro naye ni wa mchana. Yai asiloweza kulitoboa kwa meno hulirusha kinyumenyume, katikati ya miguu ya nyuma, lipasuke kwenye jiwe.

Usiku ni zamu ya kicheche, kanu, fungo na paka-pori. Mfugaji akiamka na kukuta kuku kadhaa wameuawa kwa kung'atwa shingoni, huku mizoga mingi haijaliwa, mara nyingi amevamiwa na kicheche au mnyama wa jamii yake. Akishaingia mahali ambapo kuku hawana pa kukimbilia, mnyama huyo huua zaidi ya shibe yake. Manyoya yaliyotapakaa uwanja mzima na mizoga iliyochanwachanwa huelekeza kwa mbwa wa mtaani. Shimo chini ya ukuta, au ubao ulionyofolewa, ni kazi ya nyegere au mbwa.

Mayai yakipotea bila kubaki hata ganda, afikiriwe kenge au nyoka. Hata hivyo, si kila nyoka wa bandani ni wa kuogopwa. Yupo mmoja mdogo asiye na sumu ambaye hula mayai tu: hulimeza yai zima, hulivunja kooni, kisha hulitema ganda likiwa limejikunja. Chatu na swila ni habari nyingine. Mtu asiingize mkono kwenye kiota chenye giza bila kumulika tochi.

Siafu hawaachi mengi ya kueleza. Msafara wao ukiingia kwenye banda lililofungwa wakati wa mvua, kuku aliyeatamia na vifaranga wake hawana njia ya kutoka.

Kuwajua maadui hawa kuna faida nyingine: kunamzuia mfugaji kukimbilia sumu. Nyama iliyopakwa dawa ya shambani na kutegwa nje ya banda haichagui. Huua mbwa wa jirani na ndege walao mizoga, na inaweza kumfikia mtoto. Isitoshe, wanyamapori wa Tanzania wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Fedha ya sumu inafanya kazi nzuri zaidi ikinunua waya.

Waya upi, na uende wapi

Waya unaouzwa kwa jina la waya wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, ulibuniwa kuwazuia kuku wasitoke. Kumzuia adui asiingie ni jambo jingine. Mbwa huupasua, na kicheche mwembamba hupenya kwenye uwazi wa sentimita mbili na nusu hivi. Kwa sehemu ya chini ya banda, angalau mita moja kutoka ardhini, panafaa waya mgumu wa kuchomelea wenye matundu ya takriban sentimita moja na robo. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza pia waya wa vichanja vya kuanikia kahawa, na wafugaji wengi huutumia. Waya wa pembe sita ubaki juu, kwenye madirisha ya kupitisha hewa.

Chini ya ukuta ndipo wengi wanaposahau. Waya ukiishia usawa wa ardhi, mchimbaji hupita chini yake. Dawa ni kuufukia sentimita 30, au, pasipochimbika, kuukunja na kuulaza nje juu ya ardhi kwa upana wa sentimita 50 na kuukandamiza kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale anapokutana na ukuta. Akikuta waya chini ya kucha zake, huacha. Yeye hajui kurudi nyuma nusu mita na kuanza upya.

Banda la kuinuliwa juu ya nguzo hupunguza kazi hiyo. Nguzo za mita moja humweka kuku mbali na mbwa na unyevu, na kinyesi huanguka chini kupitia nafasi za sakafu. Bati laini likizungushiwa kila nguzo, panya huteleza. Nguzo zikisimama ndani ya makopo yenye oili chafu ya injini, siafu hukwama. Lakini nyasi zilizoegemea banda, au tawi la mwembe linaloligusa, ni daraja tosha la kuharibu kazi yote.

Mlango ni jambo dogo linalogharimu sana. Kamba na kijiti humzuia kuku, lakini havimzuii fungo wala mwizi wa miguu miwili. Komeo la chuma na kufuli ni lazima kwa banda linaloachwa. Kuku wenyewe husaidia: jua likizama huingia bandani bila kuitwa, kwa sababu macho yao hayafai kitu gizani. Kazi ya mtu ni kufunga mara tu wanapoingia, si baada ya taarifa ya habari. Kanu huanza mizunguko yake giza linapoanza kutanda.

Kwa mchana, kuku wa nyumba isiyo na watu wanahitaji uwanja uliozungushiwa waya na kufunikwa juu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, nyavu kuukuu za uvuvi hupatikana kwa bei ndogo na huzuia mwewe na kunguru vizuri, mradi zifungwe zikiwa zimekazwa ili zisinase ndege. Vifaranga wa chini ya mwezi mmoja wakae na mama yao ndani ya tenga lililofunikwa, kama walivyofanya mabibi wengi. Njia hiyo bado ni miongoni mwa zile zinazookoa vifaranga wengi kwa gharama ndogo.

Jogoo naye asidharauliwe. Watafiti wa tabia za wanyama wamethibitisha kwamba jogoo ana mlio mmoja wa hatari inayotoka angani na mwingine wa hatari inayotembea ardhini, na mitetea huitikia kila mlio kwa namna yake: wa kwanza huwafanya wajifiche na kutulia, wa pili huwafanya wasimame wima na kuangaza huku na huku. Lakini wanaposikia mlio wa angani, ni lazima pawepo pa kujificha. Kichaka, meza chakavu au makuti mawili yaliyoegemezwa ukutani yanatosha.

Hesabu ya maji

Kuku anaweza kuvumilia siku ya njaa kuliko siku ya kiu. Hana tezi za jasho; joto likizidi hutanua mabawa na kuhema mdomo wazi, na kwa kila pumzi anapoteza maji. Akipoteza sehemu ya kumi ya maji ya mwili wake tayari yuko taabani, na akifikia sehemu ya tano kwa kawaida hufa. Anayetaga huumia zaidi, kwani robo tatu ya kilichomo ndani ya yai ni maji. Siku moja bila maji inaweza kusimamisha utagaji kwa wiki kadhaa.

Kuku mkubwa hunywa takriban robo lita kwa siku ya kawaida. Kwenye joto la kaskazi kiasi hicho huweza kuongezeka maradufu. Kwa hiyo kuku kumi wahesabiwe lita tano kwa siku. Beseni la lita tatu, hata likijazwa pomoni asubuhi ya safari, haliwafikishi kesho yake. Mara nyingi halifiki hata jioni, kwa kuwa kuku hupanda ukingoni, hulipindua, au hulijaza kinyesi na maranda.

Chombo kinachofaa hutengenezwa nyumbani kwa dumu la lita 20 na beseni pana. Dumu hutobolewa tundu dogo ubavuni, sentimita mbili au tatu kutoka chini, kisha husimamishwa ndani ya beseni ambalo ukingo wake ni mrefu kuliko kimo cha tundu. Tundu huzibwa, dumu hujazwa, mfuniko hukazwa barabara, ndipo tundu linapozibuliwa. Maji hutoka mpaka yanapolifunika tundu, kisha husimama, kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Kuku wakinywa, tundu hufunuka, hewa kidogo huingia, na maji mengine hutoka. Mfuniko usiobana hufanya dumu zima limwagike kwa dakika chache.

Mahali pa kuliweka pana uzito sawa na chombo chenyewe. Dumu likipigwa na jua, hewa iliyo juu ya maji hutanuka na kuyasukuma nje hadi beseni lifurike. Yanayobaki hupata moto, na kuku huyakwepa. Liwekwe kivulini mchana kutwa, juu ya matofali, usawa wa mgongo wa kuku, ili maranda yasiingie. Vifaranga wakiwemo, kokoto zipangwe kwenye beseni wasizame. Sakafu inayozunguka chombo ikilowa, hali hiyo huzaa kuhara damu, hivyo pumba za mpunga zilizolowana ziondolewe mapema.

Madumu mawili ni salama kuliko moja. Likipinduka au kuziba la kwanza, la pili hubaki. Pia jogoo mkorofi hawezi kulinda vyombo viwili kwa wakati mmoja, na wanyonge nao hupata kunywa.

Macho ya mtu

Dumu na waya mzuri hununua siku moja au mbili za utulivu. Havimwondolei mfugaji wajibu wa kumwachia mtu funguo. Kijana wa jirani apite asubuhi na jioni, aokote mayai na ayachukue yawe ujira wake. Mpango huo unamfaidi kila mmoja, kwani mayai yanayolundikana kiotani huvuta kenge, na hufundisha kuku kuyadonoa. Aoneshwe kwa vitendo: kuhesabu kuku jioni, kukaza komeo, kusugua utelezi ndani ya beseni, kutoacha pumba wazi usiku. Chakula kilichomwagika huita panya, na panya huita nyoka.

Chanjo nayo haingoji kurudi safari. Ugonjwa wa mdondo huua kuku wa kienyeji wengi, na chanjo ya I-2, inayotolewa kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, ifanyike wiki mbili au zaidi kabla ya kuondoka ili kinga ipate kujengeka.

Mfugaji makini hufanya majaribio wiki moja kabla ya safari, akiwa bado nyumbani. Kijana anashika kazi siku tatu, mwenyewe anatazama tu. Maji yaliyobaki yapimwe kila jioni. Yakipungua haraka kuliko hesabu, kuna uvujaji au joto limezidi, na dumu la tatu liongezwe. Usiku banda limulikwe kwa tochi kutoka ndani huku mtu akizunguka nje: kila mahali mwanga unapopenya kwa upana wa kidole gumba pazibwe siku inayofuata, kabla tiketi ya basi haijakatwa.