Kubeti Kulivyopoteza Breki

Chini ya kila tangazo la kubeti nchini Kenya huwa kuna maandishi madogo yanayosema mchezo ni wa wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kwamba mchezaji acheze kwa uwajibikaji. Ushauri huo si mbaya. Ubaya ni kwamba umekuja baada ya kuondolewa karibu kila kitu kilichomsaidia mtu kuacha. Wahubiri na wanasiasa husema maadili ya vijana yameporomoka. Ukifuatilia mambo yalivyokwenda, utaona kuwa kilichoporomoka kwanza ni vizuizi vilivyosimama kati ya mtu na shilingi yake ya mwisho.

Sheria iliyotawala kamari Kenya kwa karibu miaka 60 ilitungwa mwaka 1966, enzi ambayo kamari ilikuwa na mlango. Mtu alivaa, akalipa nauli, akaenda kasino, na pesa za mfukoni zikiisha hakuwa na la kufanya ila kurudi nyumbani. Umbali, macho ya watu na mfuko mtupu vilimzuia pasipo mtu yeyote kumpa mawaidha.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, shabaha yake ilikuwa kutuma hela, si kamari. Lakini ndiyo iliyouondoa mlango. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipoingia sokoni mwaka 2014, kilichohitajika ni simu, namba ya malipo na mechi ya jioni. Kisha ikaja heshima ya mpira. Kampuni hiyo ilidhamini ligi kuu ya Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards, na kwa upande wa Tanzania Simba na Yanga. Julai 2017 Everton, nayo ikiwa na jina la kampuni hiyo kifuani, ilicheza na Gor Mahia jijini Dar es Salaam, na Wayne Rooney akafunga. Shabiki aliyenunua jezi ya timu yake alinunua na tangazo. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka huohuo ulionyesha kuwa asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari.

Wachezaji wengi hujiona wachambuzi wa soka, na kweli wengi wanaijua soka kuliko watangazaji. Lakini kujua mpira ni jambo moja, na bei unayouziwa ubashiri wako ni jambo jingine. Kampuni hupanga odds ikiwa imeshajikatia faida. Tuseme imejikatia asilimia 5 katika kila mechi. Kwa mechi moja hasara hiyo haionekani. Kwenye mkeka, yaani ubashiri mmoja unaounganisha mechi nyingi, wa mechi 10, makato hayo yanazidishana hadi kampuni, kwa wastani, inabaki na takriban shilingi 40 katika kila 100. Ndiyo maana matangazo husifu mikeka mirefu. Na jackpot ya mechi 17, ambapo kila mechi ina matokeo matatu, ina michanganyiko 129,140,163, karibu mara tatu ya Wakenya wote waliohesabiwa katika sensa ya 2019.

Hata hivyo mpira ulikuwa umebakiza kizuizi kimoja, nacho ni muda. Mechi huchukua dakika 90, na mtu aliyeliwa Jumamosi hupata usiku mzima wa kufikiri. Michezo ya aina ya Aviator imeondoa hata hicho. Kindege kinapaa kwenye kioo cha simu, namba inapanda kuanzia 1.00, na mchezaji anatakiwa kutoa pesa zake kabla hakijatoweka. Mara nyingi raundi huisha ndani ya sekunde chache, na nyingine inaanza papo hapo. Waundaji wa Aviator wanasema mchezo huo hurudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa, na mtu akisikia hivyo huona ni haki tupu. Sasa mchukue mwenye shilingi 1,000 anayeweka 50 kila raundi, raundi tatu kwa dakika. Kwa saa moja atakuwa amezungusha shilingi 9,000, na asilimia 3 ya hizo ni 270. Zaidi ya robo ya mtaji wake imekwenda, na hapo bahati haijamwendea vibaya, ni wastani tu.

Anguko lenyewe huanzia pale anapotaka kurudisha zilizoliwa. Anaongeza dau, anakopa kwenye simu ileile anayobetia, analipa mkopo huu kwa mkopo ule. Kodi ya nyumba inachelewa, kuchelewa kwa karo kunasingiziwa jambo lingine, simu inaanza kulala chini ya mto. Uingereza, iliyozoea kamari muda mrefu, ilipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo Aprili 2020. Kwetu mkopo na mkeka vinakaa kwenye kioo kimoja.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Mwaka 2018 ilipandisha kodi ya kampuni za kubeti hadi asilimia 35, na wadhamini wakaziacha klabu za nchini. Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na SportPesa na Betin zikasimamisha shughuli. Wachezaji hawakuacha kubeti, walihamia kwingine, na mwaka uliofuata jina la SportPesa likarudi sokoni. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisitishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini. Ukitazama mfululizo huo, utaona nguvu nyingi zilielekezwa kwenye kodi na leseni. Aliyekwisha kuzama hakufikiwa sana.

Na huyo ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi, na unatibika, hasa kwa tiba ya mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Dalili zake ni kushindwa kuacha kila anapojaribu, kuficha kiasi anachocheza, kukopa ili abeti, na kukasirika akiambiwa apumzike. Mwenye dalili hizo asingoje ushindi wa kumalizia madeni. Afunge akaunti zote siku moja, maana akibakiza moja hajafunga kitu. Mshahara upitie kwa mke, mume au ndugu anayeaminika kwa miezi kadhaa. Aende kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu, aseme waziwazi kwamba tatizo ni kamari.

Ndugu nao wana kazi ngumu. Kumpa pesa taslimu alipe deni, mara nyingi, ni kumwongezea mtaji. Kama ni lazima kusaidia, lipeni kwa mdai mwenyewe, na msaada uambatane na matibabu. Matusi na kumwanika mbele ya ukoo humrudisha kwenye simu. Na akizungumzia kujiua, msichukulie kuwa ni vitisho. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa anayecheza bila madhara, uwajibikaji ni kupanga kiasi cha kupoteza kabla ya kuanza, kutobeti kwa mkopo na kutofukuzia kilicholiwa. Lakini nidhamu ya mtu mmoja haiwezi kushindana na mtambo uliotengenezwa ili asipate nafasi ya kuitumia. Vizuizi viliondolewa kwa maamuzi ya kibiashara, na vinaweza kurudishwa kwa maamuzi ya kisheria: ukomo wa dau kwa siku, mapumziko ya lazima kati ya raundi, namba moja ya kujifungia kampuni zote kwa pamoja, na sehemu ya kodi ya kamari ilipie washauri katika kila kaunti. Kampuni inayomtaka mteja awajibike ianze kuwajibika yenyewe.