Pembe ya Ndovu Iliyotoka Pwani, Ikaishia Makumbusho ya Paris

Ukitaja makumbusho hapa kwetu, wengi huona ni mambo ya watalii na ya wanafunzi waliopelekwa na mwalimu wao. Leo, ndugu msomaji, nataka kueleza kwa nini jumba moja la makumbusho la mbali, Musée de Cluny mjini Paris, linatuhusu watu wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Jumba hilo linahifadhi sanaa ya Zama za Kati, ile miaka elfu moja hivi tangu dola ya Roma ya magharibi ianguke hadi karibu mwaka 1500. Jengo lenyewe ni historia. Upande mmoja ni hamamu ya Warumi, na ukumbi wake wa maji baridi bado una paa lake la kale. Upande wa pili ni nyumba ya wakuu wa watawa wa Cluny, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 15. Baadaye Alexandre Du Sommerard aliishi humo na kuijaza vitu vya kale alivyovikusanya. Alipofariki mwaka 1842, serikali ilinunua nyumba na vitu vyake, na mwaka 1844 watu wakafunguliwa milango.

Nilipojaaliwa kufika, niliona wageni wengi wakienda moja kwa moja kwenye mapazia sita ya kufumwa yanayomwonyesha bibi mmoja pamoja na mnyama wa hadithi, mfano wa farasi mwenye pembe moja. Wengine walikuwa kwenye vichwa 21 vya mawe vya wafalme wa kanisa la Notre-Dame, vilivyokatwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa na kufukuliwa mwaka 1977. Mimi nilikaa zaidi kwenye makabati ya pembe za ndovu.

Kuna kibao kimoja cha karne ya 10, si kikubwa kuliko kitabu kidogo. Kinamwonyesha Kristo akiwavisha taji mfalme Otto wa Pili na mkewe Theophanu, binti wa Bizanti aliyeolewa mwaka 972. Bizanti ndio wale Warumi waliotajwa katika Sura ya Ar-Rum, na mji wao mkuu ndio Istanbul ya leo.

Atakuwepo wa kuuliza, Muislamu anatafuta nini kwenye picha za kanisa? Jibu langu ni kwamba picha ni ya imani yao, lakini biashara ya pembe iliwagusa wazee wetu.

Mwaka 916 msafiri Al-Masudi alisafiri kwa jahazi kutoka kisiwa cha Qanbalu, kwenye pwani yetu hii, hadi Oman. Aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, kisha India na China. Wanahistoria waliofuatilia njia hizo wanaeleza kwamba pembe nyingine zilipanda Bahari ya Shamu hadi Misri, zikavuka kwenda Bizanti na Ulaya. Si kila kipande kilitoka kwetu, kwani pembe nyingine zilitoka Afrika Magharibi kwa misafara ya Sahara. Lakini kufikia karne ya 13 Paris ilikuwa na mafundi wengi wa pembe, hata kazi yao ikawekewa kanuni kwa maandishi. Pembe ya ndovu wa Afrika ni kubwa, ndiyo maana fundi aliweza kuchonga sanamu nzima kwa kipande kimoja. Ukitazama vizuri utaona baadhi ya sanamu zimepinda kidogo, kwa sababu fundi alifuata mkunjo wa pembe.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu. Lebo za makumbusho kwa kawaida hutaja mahali kitu kilipochongwa, si mahali pembe ilipotoka. Ukienda Gede, unaambiwa wazi kwamba vyombo vile vya kauri vilitoka China. Haki ni hiyo hiyo: kama China inatajwa Gede, pwani ya Zanj nayo itajwe Paris kila inapothibitika.

Sidai turudishiwe pembe hizo, maana ziliuzwa. Hiyo ni tofauti na Ngadji, ngoma ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na kupelekwa British Museum. Kilichouzwa tunadai kitajwe jina. Kilichonyang'anywa tunadai kirudi.

Wala tusidhani wazee wetu walikuwa wauzaji tu. Siwa ya Pate, iliyoko katika Makumbusho ya Lamu, ni ya pembe za ndovu na nakshi zake zilichongwa na mafundi wa hapa hapa. Ni watoto wangapi wa Pwani wameiona?

Likizo ijayo, mzazi, wapeleke Lamu, Gede au Fort Jesus. Wafundishe kuuliza maswali matatu mbele ya kila kabati: kitu hiki kimetengenezwa na nani, kwa kitu gani, na kitu hicho kilitoka wapi? Lile swali la tatu ndilo mara nyingi litakalowaonyesha kwao.