Mvua ya Rudewa huanzia Sumatra

Ukitoka Dumila, mkoani Morogoro, kuelekea Kilosa kwa lami, baada ya kilomita 45 unaingia Rudewa. Kulia kwako ni milima ya Ukaguru. Kushoto ni tambarare inayoteremka hadi mto Wami. Mkulima wa hapa, mwenye mpunga bondeni na mahindi sehemu zilizoinuka, ana swali lake kila Oktoba: vuli itaanza lini, na itakuja na nguvu gani? Ni swali la fizikia, na ndani ya kizazi kimoja limepata majibu ambayo wazee wetu hawakuyapata.

Mwaka 1999 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao kuhusu tabia ya Bahari ya Hindi. Ipo miaka ambayo maji ya upande wetu wa bahari hupata joto kupita kawaida, huku yale ya karibu na Sumatra, Indonesia, yakipoa. Upepo hubadili mkondo, mvuke hurundikana magharibi mwa bahari, na vuli ya Afrika Mashariki hufurika. Wataalamu huiita hali hiyo Dipole ya Bahari ya Hindi. Ilijitokeza mwaka 1961, mvua zikanyesha hadi Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita moja ndani ya miaka michache. Ikajirudia mwaka 1997, sambamba na El Nino ambayo kila Mtanzania mtu mzima anaikumbuka, na tena mwaka 2019. Kwa kuwa bahari hupata joto na kupoa polepole, dalili huonekana wiki nyingi kabla ya tone la kwanza kugusa udongo wa Kilosa. Hapo ndipo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hupata sehemu kubwa ya utabiri wake wa msimu.

Halafu kuna milima. Hewa yenye mvuke ikigonga Ukaguru hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba maji yote iliyokuja nayo. Hewa yenye joto hubeba zaidi: kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka huiwezesha kushika mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliiingiza hesabu ya mvuke na joto katika kompyuta, wakaonyesha kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia litapanda kwa nyuzi zaidi ya mbili. Mwaka 2021 Manabe alipewa Nobeli ya Fizikia, pamoja na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi. Kwa watu wa bonde hili tuzo ile haikuwa habari ya mbali, maana asilimia 7 hizo ndizo zinazoshuka mlimani kama mafuriko.

Na mafuriko wameyaona. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mto Mkondoa uliingia Kilosa mjini, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi kadhaa. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila. Maji yalifunika nyumba na kukata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Mpunga uliosombwa hauna fidia.

Utabiri wa msimu hutaja kanda: "kaskazini mwa mkoa wa Morogoro", mvua "za wastani hadi juu ya wastani". Ni kauli ya kweli, na inamsaidia mkulima kuchagua mbegu. Lakini haimwambii kama wingu la usiku huu litamwaga maji milimani, juu ya vijito vinavyoshukia shambani kwake. Setilaiti kuu ya mradi wa GPM, iliyorushwa mwaka 2014 na Marekani na Japani, huikisia mvua kutoka angani. Programu za akili unde, kama GraphCast iliyotangazwa mwaka 2023, hutoa utabiri wa siku kumi kwa muda usiofika dakika moja. Naziheshimu sana kazi hizi. Ila programu hizo zimejifunza kutokana na kumbukumbu za miaka iliyopita, na setilaiti nayo husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya ardhini. Pale ambapo hakuna aliyepima, mashine nayo hubahatisha.

Wazee nao walikuwa na vipimo vyao. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye aliiongoza TMA, na wenzake walichapisha utafiti wa Rungwe na Kilolo juu ya wakulima wanaosoma msimu kwa maua ya miti, ndege na wadudu. Ni uangalizi wa kweli uliokusanywa kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni namba iliyoandikwa.

Kupata namba hiyo hakuhitaji maabara. Kipima mvua ni chombo cha wazi kinachowekwa mbali na miti na nyumba, kikasomwa kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 50 ikishuka kwenye ekari moja, zimeshuka lita zipatazo laki mbili. Mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo, na akiifanya kwenye shamba la mama yake ataelewa kwa nini tuta limebomoka.

Ningependa kila shule ya msingi kati ya Dumila na Kilosa, na zaidi zile za juu mlimani, ipewe kipima mvua, daftari na namba ya simu ya kutuma vipimo TMA na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Serikali imenunua rada za hali ya hewa za mamilioni ya dola, na ilifanya vyema; vipimo vya ardhini navyo vinahitajika. Shule za mlimani zianze masika hii, kwa sababu maji yanayofika Rudewa usiku hunyesha kwao jioni.