TDR YA MALARIA: «NDIYO» YAKE NA «HAPANA» YAKE



Kila mara kisha vakansi, wenzetu wamoja wanarudi shuleni na homa. Wanaenda kwa dispansere, munganga anawachoma kidole, wanangoja kama dakika 15 ao 20, kisha wanaambiwa: «TDR iko negatifu.» Mutu anarudi kulala na furaha. Lakini ile «hapana» ni ya kuaminiwa mpaka wapi?

Tuangalie kwanza kazi ya TDR. TDR haimuone mududu wa malaria mwenyewe. Mikroskopi njo inamuona, sawa vile Laveran, munganga wa jeshi la Ufaransa, alivyomuona mwaka 1880 kule Constantine, Algeria. TDR inatafuta tu alama mududu anazoacha katika damu. Moja inaitwa HRP2, ni ya Plasmodium falciparum peke yake, ule mubaya kupita wote na mwingi sana kwetu Kongo. Ingine ni pLDH. Damu ikiwa na alama, mustari wa T unatokea. Mustari wa C sharti utokee kila mara. Ukikosa, kipimo kimeharibika, waanze na kingine.

Sasa neno lenyewe ni hili: TDR ni ile ile, lakini watu hawako sawasawa.

Mutu wa kwanza amekomalia Kisangani, hajatoka. Mwili wake umezoea malaria, anaweza kutembea na wadudu katika damu bila kugonjwa. TDR yake itasema «ndiyo», na pengine homa yake ya leo inatoka kwa tifoide ao mapafu. Tena kama alikunywa dawa na kupona majuma mawili yaliyopita, HRP2 ingali katika damu: inaweza kubaki hata mwezi. pLDH inaondoka upesi zaidi, kwa siku chache.

Mutu wa pili ni musafiri. Tuseme alizaliwa Bruxelles, akaja kusalimia tate yake Kindu, akarudi Ubelgiji. Mwili wake haujazoea. Homa inamushika wakati wadudu wangali kidogo, na TDR kwa kawaida inataka kama wadudu 100 mpaka 200 katika mikrolita moja ya damu. (Tone moja la maji ni kama mikrolita 50.) Chini ya hapo, inaweza kusema «hapana» na malaria iko. Kwa falciparum, TDR ya HRP2 inakamata wasafiri wagonjwa karibu wote, lakini si wote. Kwa ovale na malariae, ambao pia wako Kongo, TDR ya HRP2 haiwaoni, na ile ya pLDH inawakosa zaidi.

Juu ya ile, waganga wa Ulaya hawamalizi neno na «hapana» moja. Wanaangalia damu na mikroskopi, na wanarudilia kisha saa 12 mpaka 24, tena siku inayofuata. Falciparum inaweza kuua mutu asiyeizoea kwa siku chache tu.

Tusifikiri wasafiri ni Wazungu tu. Mujomba aliyekaa Ulaya miaka mingi amepoteza ile mazoea ya mwili, hata akisema «mimi ni mutoto wa hapa». Na mutoto wa milima ya baridi ya Lubero, akishuka kwa pori la Beni kwa vakansi, naye ni musafiri.

Basi, tufanye nini?

1. Umwambie munganga ulitoka wapi na ulirudi siku gani, hata kama mwezi umepita.

2. Usimufiche dawa uliyokunywa. Bila ile habari, «ndiyo» ya TDR itamudanganya.

3. Kama TDR ilikuwa negatifu na homa inabaki, urudi kesho yake upimwe tena. Usiseme «walishanipima».

4. Mwenzako akianza kusema ovyo, akitapika kila kitu, macho yakigeuka manjano ao mukojo ukiwa mweusi, usingoje kesho. Umwite surveya saa ile ile, hata usiku wa manane.

TDR ni mutumishi muzuri. Mungu alipa watu akili ya kuitengeneza, na sisi alitupa akili ya kuuliza: huyu anayepimwa ni nani, na anatoka wapi?