Ubongo wa Tarakilishi na Mwalimu wa Ishiara

Msafiri anayeshuka kutoka nyanda za juu za Embu, zenye chai na kahawa, akielekea Ishiara katika Mbeere Kaskazini, huhisi mabadiliko mwilini kabla hajayaona kwa macho. Baridi hubaki nyuma mlimani. Mahali pa majani chai huja ndengu, kunde, mtama na miembe, na jua la mchana huwaka bila huruma juu ya mabati ya madarasa. Ni chini ya mabati hayo ambapo mwalimu huwasha kipakatalishi cha shule ili apeleke alama za wanafunzi wake kwa Baraza la Mitihani, au awaonyeshe watoto picha ya moyo unavyosukuma damu. Akikuta kifaa kinawaka moto mapajani, au kinakataa programu mpya kwa sababu ya uzee, yeye hulaumu vumbi, hulaumu umeme, na pengine hujilaumu mwenyewe.

Ni nadra kumsikia akimlaumu mtu aliyeketi mezani katika nchi ya mbali, miaka mingi kabla, akaamua ni kampuni gani itakayouza ubongo wa kifaa kile. Hata hivyo, mkosaji au mfadhili wake wa kweli huenda ni huyo. Kwa hiyo nawaomba walimu na wanafunzi tulijadili swali ambalo wengi wangeliona kuwa la matajiri peke yao: je, muundaji wa tarakilishi afanye vyema kumwacha anayemuuzia prosesa na kwenda kwa mwingine?

Kwanza tuelewane. Prosesa ndiyo ubongo wa tarakilishi. Kila hesabu na kila herufi inayotokea kwenye kioo hupitia humo. Lakini prosesa zote hazizungumzi lugha moja. Zile za Intel na za AMD hutumia lugha moja ya mashine, ambayo shina lake ni prosesa ya 8086 iliyotolewa na Intel mwaka wa 1978. Zile za jamii ya ARM, ambazo zimo ndani ya karibu kila simu ya mkononi inayouzwa sokoni Ishiara, zina lugha yake nyingine. Programu iliyoandaliwa kwa lugha ya kwanza haieleweki kwa ya pili mpaka iandaliwe upya, au itafutiwe mkalimani.

Mfikirie mwenye mashine ya kusaga unga. Injini yake ya dizeli imechoka. Akinunua nyingine ya kampuni ile ile, mkanda ni ule ule, vipuri vipo dukani na fundi anaijua kama kiganja chake. Akinunua ya kampuni nyingine, huenda ikasaga madebe mengi zaidi kwa lita ile ile ya dizeli. Lakini mkanda haukubali, fundi hajawahi kuifungua, na siku itakapokwama akina mama watajitwika mahindi yao na kwenda kwingine. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Waama, onyo hilo lina uzito. Lakini wahenga hao hao hawakutuamuru tulalie mbachao hata ukiwa umetoboka kote.

Wanaopinga mabadiliko wana hoja ambazo hazifai kudharauliwa. Wanasema kwamba uaminifu kwa msambazaji mmoja huleta bei nafuu, mafundi waliobobea na programu zinazodumu. Ushahidi wao ni mzuri: programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya tarakilishi za miaka ya themanini ziliendelea kufanya kazi katika mashine za miaka ya tisini, kwa sababu wasambazaji waliihifadhi lugha ya zamani ndani ya prosesa mpya. Shule iliyonunua programu ya hesabu haikulazimika kuinunua tena. Hiyo si faida ndogo kwa mwenye mfuko mwembamba.

Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kampuni ya IBM ilipotoa tarakilishi yake ya watu binafsi mwaka wa 1981 ikiwa na prosesa ya Intel, haikutaka kumtegemea msambazaji mmoja tu. Ilidai pawepo na mtengenezaji wa pili wa prosesa hizo hizo, na ndivyo AMD, kwa mkataba wa mwaka wa 1982, ilivyopata njia ya kuingia katika biashara hiyo. Busara ya sharti hilo hudhihirika siku msambazaji anapokosea. Mwaka wa 1994 iligunduliwa kwamba prosesa ya Pentium ilikuwa na kasoro katika kugawanya baadhi ya namba. Intel iliishia kukubali kuzibadilisha, na ikatenga dola milioni 475 kwa hasara hiyo. Kama kampuni kubwa kiasi hicho yaweza kukosea katika hesabu ya kugawanya, ambayo mtoto wa shule ya msingi huadhibiwa kwa kuikosea, basi hakuna msambazaji anayestahili kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa.

Apple imebadilisha prosesa za tarakilishi zake za Macintosh mara tatu. Mwaka wa 1984 ilianza na prosesa za Motorola. Mwaka wa 1994 ikahamia PowerPC, iliyoundwa kwa ushirikiano na IBM na Motorola. Mwezi wa Juni 2005, Steve Jobs akatangaza kwamba wanakwenda Intel. Sababu haikuwa kasi peke yake. IBM ilikuwa haijaweza kutoa prosesa yenye nguvu inayoweza kukaa ndani ya kipakatalishi bila ya kutoa joto jingi mno na kumaliza betri. Kipimo kilikuwa ni kazi inayofanyika kwa kila wati ya umeme. Mwaka wa 2020 ikahama tena, safari hii kwenda kwenye prosesa ilizozibuni yenyewe katika jamii ya ARM, zinazotengenezwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan. Kipakatalishi chake chepesi cha mwaka huo hakikuwa na feni kabisa.

Mwalimu wa Ishiara aisome sentensi hiyo mara mbili. Feni ndiyo inayovuta vumbi na kuliingiza ndani ya mashine. Mahali penye joto na vumbi, prosesa isiyohitaji feni si anasa, bali ni uhai wa kifaa. Na mahali ambapo umeme hukatika, wati chache ni saa zaidi za masomo. Ni kinaya kilichozoeleka katika nchi ya Wambeere: mabwawa ya mto Tana, kuanzia Kindaruma la mwaka wa 1968 hadi Kiambere la 1988, yamemulika miji ya mbali huku maboma mengi yaliyo jirani yakikaa gizani kwa miaka mingi. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa thamani ya wati moja.

Lakini safari za Apple zina upande wa pili. Ilipohamia Intel ilitoa mkalimani aitwaye Rosetta, aliyeziwezesha programu za PowerPC kufanya kazi katika mashine mpya. Hilo lilikuwa jambo la busara. Mwaka wa 2009, hata hivyo, mfumo mpya wa uendeshaji uliotoka haukukubali tena mashine za PowerPC, na mwaka wa 2011 mkalimani naye akaondolewa. Aliyenunua mashine yake mwaka wa 2005, kabla tu ya safari kuanza, alijikuta ameachwa kituoni baada ya miaka minne. Kwa tajiri wa Marekani miaka minne huenda ni mingi. Kwa shule yetu, ambapo dawati hurithiwa na kizazi baada ya kizazi, miaka minne ni kama juzi.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mradi wa Kipakatalishi Kimoja kwa Kila Mtoto, ulioasisiwa na Nicholas Negroponte, ulianza kuunda mashine ya XO kwa wingi mwaka wa 2007, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi zilizoupokea kwa mikono miwili. Zaidi ya mashine laki mbili ziligawiwa watoto wa nchi hiyo. Ubongo wake wa kwanza ulikuwa Geode ya AMD. Intel iliingia katika mradi huo Julai 2007, kisha ikajitoa Januari 2008 kwa ugomvi uliohusu mashine yake yenyewe ya wanafunzi. Mwaka wa 2009 AMD ikasema haina mpango wa kutoa mrithi wa Geode.

Hapo ndipo waundaji walipokabiliwa na swali letu, tena si kwa hiari. Mbachao ulikuwa unachukuliwa na mwenyewe! Hawakukata tamaa, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walihamia prosesa ya VIA kwa toleo la pili, kisha wakaenda Marvell, ya jamii ya ARM, kwa matoleo yaliyofuata, wakipata mashine inayotumia umeme mchache zaidi. Na masomo ya watoto? Programu za XO zilikuwa huria: maandishi yake ya asili yalikuwa wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyaandaa upya kwa lugha ya prosesa mpya. Ubongo ulibadilika, lakini sehemu kubwa ya kazi za mtoto ilisafiri pamoja naye. Mradi huo ulikuwa na dosari zake nyingi, na Rwanda baadaye iligeukia vifaa vya kampuni ya Positivo BGH iliyofungua kiwanda Kigali. Lakini katika jambo hili moja umetuachia fundisho lisilochakaa: anayemiliki maandishi ya programu zake hatekwi na muuza prosesa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 2016 Kenya ilianza kusambaza vifaa vya dijitali katika shule za msingi za umma, kupitia miungano miwili: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na Positivo BGH, na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa: vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, na projekta. Ilikuwa fahari kuona vyuo vyetu vikiunganisha tarakilishi, na sitaki kuipunguza fahari hiyo. Lakini kuunganisha si kuunda. Prosesa iliyomo ndani hatukuitengeneza sisi, na muundaji asiye na prosesa yake hana budi kuwa na uhuru wa kuchagua ya mwingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Muundaji wa tarakilishi ana haki, na mara nyingine ana wajibu, wa kumwacha msambazaji wake. Lakini amwache kwa sababu ambazo mtumiaji atazihisi: joto, umeme, bei, na uhakika wa kupatikana kwa prosesa hiyo kesho. Asimwache kwa ajili ya namba za kasi zinazopambwa katika matangazo, kwa maana mwalimu anayeandika ripoti hawezi kuipiga mbio tarakilishi yake kwa vidole viwili.

Na anapohama, atimize masharti matatu. Kwanza, atoe mkalimani wa programu za zamani, na ataje wazi atamweka kwa miaka mingapi. Pili, aendelee kuuza vipuri na kutoa marekebisho ya usalama kwa mashine za zamani kwa muda unaolingana na maisha ya kifaa shuleni, si maisha ya mtindo mjini. Tatu, asifunge ndoa mpya isiyo na talaka. Awe na njia ya kwenda kwa mwingine.

Masharti haya hayatatimizwa kwa hisani. Ni lazima mnunuzi ayadai, na mnunuzi mkubwa katika nchi yetu ni serikali. Mikataba ya vifaa vya shule isiishie kwenye idadi na bei. Iulize prosesa ni ya jamii gani, itaungwa mkono hadi mwaka gani, na masomo yaliyoandaliwa yataweza kuhamia katika mashine nyingine au la. Tayari tumeonja shubiri ya kutouliza. Mfumo wa Windows 11 uliotoka mwaka wa 2021 ulizikataa rasmi prosesa nyingi za zamani kidogo tu, na tarehe 14 Oktoba 2025 marekebisho ya kawaida ya Windows 10 yakakoma. Tarakilishi ambazo hazijavunjika, ambazo bado zinaandika na kuhesabu barabara, zimetangazwa kuwa vikongwe kwa neno la mtu aliye mbali.

Kwenu wanafunzi nina ombi moja. Msitosheke kujua kubonyeza. Fungueni mashine iliyokufa, chini ya uangalizi wa mwalimu, mkitafute kile kipande kidogo cha silikoni kilicholala chini ya feni. Kisomeni jina lake. Ulizeni ni nani aliyekichagua, kwa nini, na kwa faida ya nani. Mwenye mashine ya kusaga hununua injini baada ya kuuliza habari za mkanda, vipuri na fundi. Haifai shule ya Ishiara inunue ubongo kwa maswali machache kuliko hayo.