Mgeni wa Kihengeni

Wako watu ambao mapenzi yao kwa wadudu huanza wangali watoto, yasiishe hata uzeeni. Kwa aliyekulia Malampaka, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, jambo hili si la ajabu. Katika vumbi kavu chini ya upenu mna vishimo vyenye umbo la faneli, na kitakoni mwa kila kishimo amejificha buu mwenye taya kali. Sisimizi akiteleza humo, buu humrushia mchanga hadi aporomoke, kisha humshika na kumfyonza. Ukutani nako nyigu hufinyanga vyumba vya udongo, akatia ndani viwavi au buibui aliokwisha kuwapooza kwa sumu, wawe chakula cha wanawe. Mtu mzima hupita. Mtoto hulala kifudifudi akatazama.

Wazazi wengi huuona utazamaji huu kuwa ni uvivu. Hata hivyo, mwaka 1970 marehemu Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, na hapana anayekiita kazi ya wavivu.

Tuingie sasa kihengeni, maana huko ndiko jicho linalojua kutofautisha mdudu na mdudu huokoa chakula cha mwaka mzima. Mkulima amezoea fukusi wa mahindi, mwenye mdomo mrefu kama mkonga na madoa manne mekundu-kahawia mgongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Mkoa wa Tabora, alitambuliwa mdudu mwingine, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus. Wakulima hawakungoja jina hilo. Walimwita dumuzi, na wengine Scania, kwa jina la lori kubwa; nami naona hili la pili lamfaa zaidi.

Urefu wake ni milimita tatu hadi nne na nusu. Mwili wake ni kama kipande cha mrija, na nyuma umekatwa wima. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa, kwani kimeinama chini ya ngao ya kifua. Hutoboa mahindi yangali guguni, hata kabla ya kuvunwa, na hutoboa makopa ya muhogo na mbao pia. Kila apitapo huacha unga mwingi. Katika joto linalomfaa, yai hufikia kuwa mdudu kamili kwa muda usiozidi mwezi mmoja, na magugu yaliyoachwa bila dawa yaweza kupoteza hadi thuluthi ya uzito wake kwa miezi michache tu.

Kwa nini kutofautisha? Kwa sababu dawa za jamii ya fosforasi zimuuazo fukusi vizuri hazimwezi Scania. Yeye huuawa zaidi na dawa za jamii ya pareto ya viwandani. Ndiyo maana unga wa dawa wa ghalani ukachanganywa aina zote mbili. Aidha, mkulima hushauriwa kupukuchua kwanza, kwani Scania hustawi zaidi katika punje zilizoshikana guguni kuliko zilizolegea.

Dume wa Scania, apatapo chakula, hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Harufu hiyo hiyo humvuta adui yake, mbawakawa mdogo aitwaye Teretrius nigrescens, alaye mayai na mabuu ya Scania. Wataalamu walimtoa Amerika ya Kati wakamwachia huru Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia mahali pengine na pengine hakutosha, hivyo asimfanye mtu aache kukagua ghala lake.

Mwalimu asiye na vifaa vingi aweza kuanza na chupa mbili za mdomo mpana zilizofunikwa kwa kitambaa chepesi. Atie punje mia moja katika chupa moja, na gugu zima katika ya pili, kisha wadudu kumi kila moja. Kila juma wanafunzi wahesabu matundu, wachekeche unga na kuupima kwa mizani ya maabara. Jaribio likiisha, kila kitu kichomwe moto, chupa na kitambaa vichemshwe, na asiruhusiwe mwanafunzi yeyote kurudi nyumbani na mdudu hai mfukoni.